Mke Wangu Kwenye Kadi ya Shemeji

Walionikosea ni watatu. Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Wa pili ni yule mwenye saiba, duka la kompyuta, pale soko la Kabati, mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Wa tatu ni mchungaji wetu. Majina siandiki, maana hawa watu wanapenda korti kama watoto wanavyopenda miwa, na mimi sina nauli ya kuwafuata huko. Lakini akisoma hapa kila mmoja atajikuna mahali pake.

Shule niliacha darasa la nne, kwetu upande wa Makueni, mwaka mvua ilipokataa na baba akaona heri mbuzi wapate mchungaji kuliko mimi nipate cheti. Nikaolewa huku Kitui, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Tulia. Mimba yangu ya kwanza ndiyo ikawa ya mwisho. Niliumwa siku mbili nyumbani kwa sababu mama mkwe alisema wanawake wa ukoo wake hawazalii hospitali, hospitali ni ya wavivu. Siku ya tatu wakanibeba na kitanda. Mtoto alikuwa ameshakufa, na daktari akamtoa yeye na kizazi pamoja. Mume wangu akamzika mtoto Jumatano, akaja kunichukua Alhamisi, akaambiwa mgonjwa hatoki mpaka alipe. Wiki tatu nikakaa wodini nikiwa nimepona, maziwa yananidondoka, nafagia sakafu na wanawake wengine waliowekwa rehani kama mimi. Deni lenyewe lilikuwa la mtoto aliyekuwa tayari chini ya udongo. Kwa hivyo mtu akianza kunieleza gharama ya kuzaa, mimi namwangalia tu mdomo unavyocheza.

Mume wangu hakunifukuza. Wengi walimshauri anifukuze, na wa mbele yao alikuwa huyu mdogo wake. Akakataa. Akafa na kifua, akaniacha na ekari sita zinazoshuka mpaka mtoni, na nyumba isiyo na mtoto. Tangu siku ya matanga shemeji akaanza kupita kwenye shamba langu akihesabu miembe kama mtu anayechagua kuku sokoni.

Sasa kwetu Ukambani nyumba haiachwi ife hivyo. Mwanamke asiye na mtoto anaoa. Anatoa mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga ndoa, anamleta msichana kwake, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ile, wanabeba jina la mwenye nyumba hata kama alikufa zamani. Msichana huyo tunamwita iweto. Aliyempa mimba haulizwi wala hatajwi, hiyo ndiyo adabu yenyewe. Na tafadhali, siyo hayo vichwa vyenu vya siku hizi vinakimbilia. Yeye ana nyumba yake na mimi yangu, katikati kuna jiko.

Wangu nilimpata Zombe, akiuza uji siku ya soko, ana miaka ishirini na mitatu na hana mama. Nilimuuliza yeye kabla ya kumuuliza mjomba wake.

Akaniuliza, "Utanipiga?"

"Na mikono gani? Hii?"

Akaitazama mikono yangu. "Na nikizaa msichana?"

"Tutampa jina, tutamlisha."

"Basi mwaitu, nitakuja." Mwaitu ni mama yangu. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu siku hiyo, na sikumwambia abadilishe.

Mchungaji alipopata habari akanitoa kwenye kikundi cha akina mama. Halafu Jumapili akasimama kuhubiri, mimi nimekaa mstari wa tatu, akasema mambo ya Ulaya yameingia mpaka Kitui. Mambo ya Ulaya! Mama mzaa baba yake alikuwa iweto. Kila mtu mwenye mvi hapa anajua. Yule mtu yuko duniani, amenenepa, ana kipaza sauti, kwa sababu kuna mwanamke alitoa mbuzi akaoa nyanya yake. Watu wakasema amina. Mzee mmoja nyuma akakohoa, akatoka nje, nikajua ameenda kucheka.

Msichana akapata mimba. Hapo ndipo habari ya bima ilianza.

Mimi nilikuwa nimeapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yangu atafagia wodi tena. Wakati huo serikali ilikuwa imeleta hii bima mpya, kila mtu ajiandikishe, gari lenye kipaza sauti linapita sokoni likisema ukiwa nayo unazaa bila wasiwasi. Nikachukua kitambulisho changu na chake, nikaenda Kabati kwa mwenye saiba. Nilimwacha msichana nyumbani kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Na pia, niseme ukweli, sikuona kwa nini aje. Mwanaume akienda kuandikisha mke, huwa anambeba?

Mwenye saiba akavaa miwani yake ya uzi, akaanza kuniuliza maswali yaliyoandikwa kwenye kompyuta ili wajue nitalipa kiasi gani.

"Paa?"

"Mabati."

"Choo?"

"Cha shimo. Kwani choo ndicho kinazaa?"

"Mama, mimi nasoma vile imeandikwa. Mnapika na nini?"

"Kuni, tukiwa na cha kupika."

"Mbuzi wangapi?"

"Waliobaki, ama waliokuwa kabla nitoe mahari?"

Akainua macho. "Mahari ya nani?"

"Ya mke wangu. Muweke hapo pa mke."

Foleni nyuma yangu ikasogea karibu. Kulikuwa na watu kama sita, wamekuja kutoa kopi na kutafuta kazi kwa simu, wote wakawa na masikio. Yule bwana akaandika, akabonyeza, akasubiri. Akabonyeza tena.

"Mama, imekataa."

"Imekataa nini?"

"Imeona wewe ni mwanamke na yeye ni mwanamke. Inasema urekebishe."

"Nirekebishe nani kati yetu?"

Basi watu wakaangua kicheko. Jamaa mmoja mwenye kofia akasema, "Mama, pitia hospitali kwanza wakuwekee vitu!" Na mimi nikamwambia, "Wakikupasua wewe wataniwekea vyako, maana havina kazi." Hapo wakacheka zaidi, naye akashusha kofia mpaka machoni.

Mwenye saiba alikuwa na haraka. Akasema nimweke kama mtoto wangu. Nikasema si mtoto wangu, sikumzaa, kizazi changu kilitupwa kwenye shimo la hospitali. Akasema basi ajiandikishe mwenyewe. Ana kitambulisho, ni mtu mzima, alete simu yake na alipe ya mwaka, atakuwa na kadi yake.

Maneno hayo alisema. Siwezi kumnyang'anya. Alisema mara mbili.

Na mimi nikasimama pale nimejaa kichwa. Mke wangu ajiandikishe peke yake kama mtu asiye na kwao? Nimetoa ntheo, wazee wamekula, halafu karatasi ya serikali iseme huyu hana mtu? Nikamwambia mwenye saiba arudishe vitambulisho vyangu. Nikatoka na kichwa juu, na nyuma wanacheka bado.

Shemeji hakukawia. Yeye ni askari wa lango kwenye ofisi moja ya serikali mjini Kitui, kwa hivyo bima yake inakatwa kwenye mshahara, hata ajue au asijue. Mke wake alimkimbia, yuko Athi River, amenawiri. Akaja kwangu jioni ya Jumamosi amevaa shati la pasi, akakaa, akakubali chai, jambo ambalo tangu matanga hakuwa amefanya.

"Shemeji," akasema, "nimeongea na mchungaji. Amesema tusikuache na aibu. Mimi kadi yangu nafasi ya mke iko wazi."

Alisema hivyo, nafasi iko wazi, kama mtu mwenye stoo anayetafuta magunia.

"Kwa hivyo?"

"Namuweka pale. Kwa karatasi tu. Anazaa, bima inalipa, mambo kwisha. Huyu ni wa ndugu yangu, si ni wangu pia kumsaidia?"

Msichana alikuwa jikoni. Kupitia mlango nikaona ameacha kukoroga. Sikumuuliza. Siku ile Zombe nilimuuliza kabla ya mjomba, na siku hii nilimruka kama jiwe la njiani. Nikamwambia shemeji Mungu ambariki. Nikachinja kuku, yule jogoo mwekundu aliyebaki. Akala mapaja yote mawili.

Jumatatu akaenda na picha ya kitambulisho cha msichana kwa yule yule mwenye saiba. Yule yule! Ambaye wiki moja nyuma nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba huyu ni mke wangu. Akaipokea pesa ya soda, akabonyeza, safari hii kompyuta haikukataa. Mwanaume, mwanamke, sawa. Hakuuliza msichana yuko wapi, wala kama amekubali. Ndiyo maana nimemweka wa pili.

Miezi ikaenda. Kliniki wakasema mtoto amelala kingamo, hatageuka, itabidi apasuliwe, asijaribu kuzalia nyumbani. Hawakuhitaji kuniambia mara mbili. Wiki mbili kabla ya siku zake nilikuwa nimeshamhamishia mjini kwa rafiki yangu mmoja, mbali kidogo na hospitali. Uchungu ulipoanza asubuhi tulitembea kwa miguu mpaka langoni. Kufika saa sita alikuwa amepasuliwa, na mtoto wa kiume analia kama mtu aliyeibiwa. Nilimshika. Sitaandika nilivyohisi, ni yangu.

Kidonda kikapata usaha kidogo, wakamweka siku tisa. Siku ya tisa daktari akasema aende nyumbani. Sista mmoja kijana, mzuri wa sura, akaja na karatasi ya kuzaliwa ya mtoto, ile ambayo baadaye unaenda nayo kutafuta cheti. Akasema pia kwamba malipo yamalizwe dirishani, mwenye kadi aje, kwa sababu bima inatuma namba ya siri kwa simu yake na bila hiyo namba hawawezi kudai chochote.

Nikampigia shemeji simu. Akaja upesi, na lile koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba, ameshika mfuko wa machungwa.

Pale dirishani karani akaiona kadi, akauona uso, akatabasamu. "Baba mtoto! Hongera!"

Na shemeji akasema, "Asante."

Asante! Kama mtu aliyetoka kufanya kazi.

Nikadhani ni mzaha. Lakini akatoa kitambulisho chake, akaelekea wodini badala ya kubaki dirishani. Nikamfuata. "Hicho cha nini?"

"Cha karatasi ya mtoto. Si lazima iandikwe baba?"

"Baba yake ni ndugu yako. Unajua hivyo."

Akasimama katikati ya ukumbi. Hakupandisha sauti, huyo hapandishi sauti, ndipo ubaya wake unakaa. "Shemeji, kadi ni yangu. Mke kwenye kadi ni wangu. Sasa mtoto wa mke wangu atakuwa wa nani, wa posta?"

"Nilikuomba kadi. Sikukuomba ubaba."

"Wewe hukuniomba chochote. Ulinichinjia kuku." Akapapasa mfuko wa koti. "Namba imeshaingia, iko hapa. Nikiitamka mnaenda nyumbani leo. Nisipoitamka, fagio liko pale pembeni, na wewe kufagia wodi unajua."

Nikaelewa yote mara moja, kama mtu anayemwagiwa maji. Mtoto akiwa na jina lake kwenye karatasi, basi ni wake, na mama yake ni mke wake, na ekari sita mpaka mtoni zinarudi zilikokuwa zikitazamwa tangu matanga. Kwa chifu mbuzi hawasemi. Wazee waliokula ntheo wangeitwa, wangesema wao ni wazee hawasomi, karatasi inasemaje?

Wodini sista kijana alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kalamu tayari. Msichana anamnyonyesha mtoto. Shemeji akaweka machungwa juu ya kikabati na kitambulisho juu ya machungwa. Mimi nikasema, "Usiandike hicho. Andika jina la mume wangu." Nikalitaja.

"Yuko wapi?" sista akauliza.

"Alifariki."

"Lini?"

"Kitambo. Miaka tisa."

Sista akaweka kalamu chini. "Mama. Marehemu hazai."

"Anazaa kwa mkono wangu. Huyu ni mke wangu."

Akatuangalia, mimi, msichana, tena mimi. Akashusha sauti. "Kwani nyinyi wawili ni... wale?"

Kabla nijibu, mama wa usafi aliyekuwa akipiga deki chini ya kitanda cha pili akanyanyuka na mgongo wake. Mama mtu mzima, ameacha meno mawili mahali. "Wale gani? Wewe ni Mkamba wa wapi, wa kwenye simu? Huyu ni iweto. Hata mimi nilizaliwa hivyo, na nimekuoshea sakafu mwaka mzima, sijaona ukiogopa."

"Samahani, susu," sista akasema, na susu ni nyanya. Aliona haya, yule mtoto wa watu. "Lakini fomu haina iweto. Ina mama, na ina baba. Na siwezi kuandika mtu ambaye hayuko, wala siwezi kuandika mtu kwa sababu ana kadi." Akamgeukia msichana. "Wewe ndiye mama. Wewe ndiye unaniambia. Baba wa mtoto ni nani?"

Nilikuwa nimekaa na yule msichana mwaka na nusu. Nilijua anavyopenda muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, yakiiva sana, nilijua analala na taa. Lakini pale ndipo nilipogundua kwamba sijui atasema nini. Angemtaja shemeji, tungetoka mchana huo, hakuna deni, na yeye angekuwa na bwana mwenye mshahara. Ni nani angemlaumu? Shemeji pia aliona hivyo. Akatabasamu, akamwambia kwa sauti laini, "Sema tu, mama mtoto. Kidonda kinakuuma, twende nyumbani."

Msichana akamtoa mtoto kwenye titi, akamweka begani, akampigapiga mgongo. Mtoto akacheua. Ndipo akasema, "Piga mstari."

"Nini?" sista akauliza.

"Hapo pa baba. Piga mstari, usiandike mtu."

Shemeji akacheka. "Unajua unachosema, wewe? Nani atalipa?"

"Sijui," akasema. "Lakini wewe hujalipa kitu. Wewe umeshika simu tu."

Mama wa usafi akasema "Eee!" akagonga ndoo na mti wa deki. Sista akapiga mstari. Alitumia hata rula, aliyoitoa mfukoni.

Shemeji akarudisha kitambulisho mfukoni. Akasema tutaonana. Akaondoka na namba yake ya siri, na akachukua machungwa yake.

Nilikaa kwenye benchi la nje, na yule mama wa usafi akaja akakaa karibu nami kupumzisha miguu. Akaniuliza kwa nini msichana hakuwa na kadi yake mwenyewe. Nikamwambia. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bima ingelipa upasuaji, mwaitu. Karibu wote. Kila siku naona wasichana hapa hawana bwana wala mjomba, wanatoa simu yao, wanasoma namba yao, wanaenda. Hakuna anayeuliza aliyewapa mimba." Akanyanyuka akaenda kumalizia sakafu yake.

Kwa hivyo ongeza wa nne kwenye orodha, na huyo nitamtaja bila woga wa korti. Mchungaji alichangia mdomo, mwenye saiba kidole, shemeji tamaa. Lakini ni nani aliyembeba mke wake mwenyewe akaenda kumweka kwenye nafasi ya mwanaume mwingine? Nilimwogopa mtu wa kofia asinicheke Kabati. Nilitaka karatasi ya serikali inipe heshima, serikali ambayo iliniweka rehani nikiwa na maziwa kifuani. Ujinga huo sikufundishwa na mtu.

Tulitoka siku ya kumi na moja. Niliuza mtamba wangu na ndengu zote za msimu kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa pale mjini, ambaye baba yake alikuwa ananunua kwa baba mkwe wangu tangu zamani. Nilitegemea anilalie, maana alijua niko taabani. Akapima, akalipa bei ya siku hiyo, hakuhubiri. Mke wake, wa kutoka pwani, akamtumia msichana chupa ya uji wa pilipili manga, akasema mzazi asipokunywa huo atabaki na baridi mgongoni mpaka uzeeni. Mtu wa dini nyingine. Kanisani kwangu hakuna aliyeleta hata kibiriti.

Shemeji alikwenda kwa chifu kweli. Chifu akaniita na karatasi, akaona mstari, akamwambia hapa huna kitu. Nilicheka peke yangu njia yote kurudi nyumbani. Nilipofika nikaitoa ile karatasi kwenye nailoni, nikaisoma tena polepole na kidole, kama tulivyofundishwa darasa la pili. Jina la mtoto, ni la baba mkwe wangu, nililitoa mimi. Jina la mama. Mahali pa baba, mstari.

Nikaigeuza nyuma. Nyuma hakuna kitu.

Mimi simo. Nilitumia kila kilichokuwa na miguu na kila kilichokuwa na ganda ili shemeji asiingie kwenye karatasi ile, na kumbe mimi pia siko ndani. Chifu aliyemwambia shemeji hapa huna kitu, siku nikienda mimi ataniambia maneno hayo hayo, na atakuwa amesoma vizuri. Yule mtoto ni wa msichana aliyekuwa akiuza uji Zombe. Amebaki kuwa wa nyumba yangu kwa sababu msichana anataka, asubuhi kwa asubuhi, na siku asipotaka hakuna mbuzi wa kumrudisha.

Sasa ana kadi yake. Alijiandikisha mwenyewe, siyo kwa yule wa miwani, alienda mpaka Kitui, wakamtoa kwanza kwenye kadi ya shemeji. Alilipa na pesa za uji, kwa sababu alianza kuuza tena, na mimi sikusema neno. Mtoto yuko kwenye kadi yake. Nikamuuliza, "Na mimi?"

"Nilijaribu, mwaitu. Inauliza wewe ni nani wangu. Mama mzazi siyo. Bwana siyo. Nikasonga chini mpaka mwisho, hakuna."

Akacheka, nami nikacheka. Kicheko changu kilikuwa cha meno tu.

Mwezi uliopita akaniambia anataka kwenda kwao na mtoto, mjomba hajamwona, atakaa wiki moja. Zamani ningesema wiki moja ya nini, siku tatu zinatosha, ndengu zitapurwa na nani? Nikasema nenda. Nikamfungia unga na kuku mmoja wa mjomba. Shemeji alikuwa amesimama barabarani, akamwona akipita na mtoto mgongoni na begi kichwani, akanipungia mkono kutoka kule, amefurahi kama aliyepandishwa cheo.

Siku ya saba nikafagia nyumba yake. Hakuja. Siku ya nane nikajiambia ni mvua, na mvua haikuwepo. Simu sikupiga. Nilikuwa na namba, na salio lilikuwepo, lakini ningemwambia nini? Ungekuwa mume gani wa kupiga simu kuuliza kama umeachwa?

Siku ya tisa, saa nane mchana, mbwa akabweka ile ya kubembeleza. Alikuwa anapanda njia kutoka mtoni, vumbi mpaka magotini. Akasema mjomba alikuwa mgonjwa, akasema ameshinda na jua, akauliza kama kuna maji. Sikumuuliza kitu. Nilimpokea mtoto, ambaye alikuwa amenisahau kidogo, akanikunjia uso wa kulia. Nikambeba hivyo hivyo analia, nikaenda kuchota maji.